Taa za ulinzi hazitii swichi janja: tafuta ubovu ulipo kabla ya kununua nyingine

Swichi janja nyingi zinazong'olewa ukutani kwa madai kwamba zimekufa ni nzima. Ukiifunga mezani na balbu moja inafanya kazi bila shida, ukiirudisha kwenye taa za nje inaanza tena vituko vilevile. Kilichoharibika ni kitu kingine: taa yenyewe, waya unaoifikia, nyutro (waya wa kurudisha umeme), ruta, au saa iliyowekwa kwenye simu. Mwenye nyumba anaishia kununua swichi ya pili na ya tatu, na nje bado giza.

Maelezo haya ni ya nyumba za kawaida za kwetu: umeme wa volti 230 (Kenya 240), maboksi ya mraba ya swichi, taa za LED kadhaa kuzunguka ukuta na geti, na swichi ya waifai inayotumia programu kama Smart Life, eWeLink au Shelly. Msimamo wangu ni kwamba taa ya ulinzi lazima iwake giza likiingia, bando liwepo lisiwepo. Ndiyo maana ukaguzi wangu unaanzia kwenye umeme na kuishia kwenye simu. Wengi hufanya kinyume. Wanafuta programu, wanaisajili swichi upya, wanabadilisha nywila ya waifai, kumbe nyutro imelegea ndani ya boksi.

Kabla ya kufungua chochote, zima breka ya mzunguko huo, kisha pima. Usiiamini testa ya kalamu peke yake. Testa hiyo huwaka hata kwa umeme hafifu unaojipenyeza kwenye waya uliolala sambamba na waya wenye moto, na kwenye mwanga mkali wa mchana unaweza usione kabisa kama imewaka. Tumia multimita, na upime mara tatu: moto na nyutro, moto na arthi, nyutro na arthi. Kama huna multimita au hujazoea kuitumia, ishia kwenye hatua za kubonyeza na kusikiliza. Kufungua mwachie fundi mwenye leseni. Leseni hiyo hutolewa na mamlaka ya udhibiti wa nishati: Tanzania EWURA, Kenya EPRA.

Bonyeza, kisha sikiliza

Sahau simu kwa dakika chache. Nenda kwenye swichi yenyewe, bonyeza kitufe chake kwa mkono, na usogeze sikio. Ndani kuna rilei, yaani swichi ndogo inayovutwa na sumaku, na ikifanya kazi hutoa mlio mfupi mkavu: ta. Majibu yanaweza kuwa matatu, na kila moja linakupeleka upande wake.

Ukisikia mlio na taa zikawaka na kuzima kila unapobonyeza, umeme wako hauna tatizo. Usiguse waya wowote. Ubovu uko kwenye mtandao au ratiba, ruka moja kwa moja mpaka huko chini.

Ukisikia mlio lakini taa hazibadiliki, yaani zimebaki zimezimika au zimebaki zinawaka, tatizo liko kwenye mguso wa rilei, kwenye waya unaokwenda nje, au kwenye taa.

Kama hakuna mlio wala taa ndogo ya kuonyesha kwamba swichi iko hai, swichi haipati umeme, au sehemu yake ya kupokea umeme imeungua.

Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na linaokoa pesa kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Swichi haionyeshi uhai

Swichi ya kawaida haihitaji nyutro. Inakata waya wa moto na kuuunga, basi. Swichi janja ina kompyuta ndogo ndani inayokula umeme saa zote hata taa zikiwa zimezimwa, kwa hiyo aina nyingi zinadai nyutro. Na hapo ndipo nyumba zetu zinapokwama. Mafundi wamezoea kuivusha nyutro moja kwa moja mpaka kwenye taa na kuteremsha ukutani nyaya mbili tu: moto unaoingia, na waya wa swichi unaopanda kwenda kwenye taa. Ukifungua boksi hukuti nyutro.

Fundi mwenye haraka akikosa nyutro hufanya jambo ambalo nimelikuta mara nyingi mno: anachukua waya wa kijani na njano, wa arthi, anaufunga mahali pa nyutro. Swichi inawaka, mteja anafurahi, fundi analipwa. Usikubali hata siku moja. Umeme unaotumiwa na swichi peke yake ni mdogo, pengine hautoshi kurusha kifaa cha kinga cha miliampea 30 (RCD, kinachokata umeme unapovuja), kwa hiyo hakuna kinachokuonya. Siku waya ule wa arthi ukikatika mahali fulani kabla ya kufika kwenye fimbo ya ardhini, kipande kilichobaki kinapata moto kupitia swichi hiyo, na kila bodi la chuma lililounganishwa nacho, liwe la friji au la taa ya getini, linaweza kumpiga mtu shoti. Ukiona waya wa kijani na njano kwenye teminali yenye herufi N, zima breka na uondoe leo.

Kuazima nyutro ya mzunguko mwingine, tuseme ya soketi iliyo karibu, nako kuna balaa lake. Kifaa cha kinga kitaruka bila sababu unayoielewa, na fundi atakayekuja kesho kuzima breka ya soketi atakuta nyutro aliyoidhani salama inapitisha umeme wa taa za nje.

Suluhisho la kweli ni kuitoa swichi janja ukutani. Tumia moduli ndogo, ya aina inayofichwa, na uifunge pale nyutro ilipo tayari: kwenye boksi la kuungia nyaya juu ya dari, au kando ya boksi la breka ambako waya wa taa za nje unaanzia. Swichi yako ya zamani inabaki ukutani na kuunganishwa na moduli kama kitufe cha mkono. Watoto, wageni na mlinzi wote wataendelea kuitumia bila kufundishwa.

Kama nyutro ipo na imefungwa sawasawa lakini swichi bado imekufa, pima volti kwenye teminali zake. Ukiona 230 hivi na bado hakuna dalili ya uhai, imeungua. Ukiona volti zinacheza, zinashuka na kupanda unapotikisa waya, kaza skrubu zote kuanzia hapo mpaka kwenye boksi la breka. Angalia hasa waya wa nyuzi nyuzi uliobanwa bila kusokotwa, maana nyuzi chache tu ndizo huwa zimeshikwa.

Swichi zikiungua mara kwa mara katika nyumba moja, acha kulaumu swichi. Nyumba ya fezi tatu ikipoteza nyutro kuu, volti kwenye fezi moja hushuka na kwenye nyingine hupanda mbali juu ya 230, na vifaa vyenye elektroniki hufa kwa mkupuo. Hili ni la kuwapigia shirika la umeme siku hiyohiyo, na breka kuu izimwe mpaka waje. Kwa radi na mishtuko ya umeme unaporudi, weka kifaa cha kuzuia mishtuko kwenye boksi la breka, na uhakikishe arthi ya nyumba ni nzima, kwa sababu kifaa hicho bila arthi hakifanyi kazi inayotakiwa.

Taa zimezimwa lakini zinang'aa kwa mbali

Usiku unaona taa ya LED ina mwanga hafifu wa njano au wa buluu, au inamulika mara moja kila baada ya sekunde kadhaa. Sababu ni tatu, na ya mwisho ndiyo ya kuogopa.

Ya kwanza ni swichi isiyotumia nyutro. Aina hiyo hupitisha umeme kidogo kwenye taa ili yenyewe iendelee kuishi. Balbu za zamani za waya hazikuujali. LED inaujali, kwa sababu inahitaji umeme kidogo sana kutoa mwanga. Ndani ya pakiti ya swichi hiyo mara nyingi huwa kuna kidude kidogo chenye nyaya mbili ambacho watu hukitupa pamoja na karatasi za maelezo. Ni kapasita, yaani kihifadhi kidogo cha umeme. Inafungwa kwenye taa, kati ya waya wa moto na nyutro, siyo kwenye swichi. Taa zikiwa kadhaa kwenye mzunguko mmoja, moja tu inatosha.

Ya pili ni urefu wa waya. Waya wa swichi ukisafiri mita nyingi kwenye bomba moja na waya wenye moto wa kudumu, kama inavyokuwa kwa taa za getini zinazopita pamoja na waya wa mota ya geti, umeme hafifu hujipenyeza. Dawa ni kapasita ileile.

Ya tatu: nyutro ndiyo inayokatwa na swichi badala ya moto. Zima swichi, kisha pima pale kwenye taa kati ya kila waya na arthi. Ukipata volti 230 kamili wakati taa imezimwa, nyaya zimegeuzwa. Taa inaonekana imezima, kumbe ina moto muda wote, na atakayepanda ngazi kubadilisha taa akiamini swichi imezimwa anaweza kuanguka au kufa. Rekebisha kwenye boksi kabla ya kufikiria kapasita.

Mlio unasikika, lakini taa hazizimiki

Hapa niseme kwa kirefu, kwa sababu ndiyo ubovu unaoua swichi janja nyingi za taa za nje, na ndio unaoeleweka vibaya kuliko wote.

Swichi imeandikwa ampea 10. Una taa sita za fladi za wati 50, jumla wati 300. Ukigawanya kwa 230 unapata ampea 1.3 hivi. Mtu yeyote angesema swichi ina nafasi ya kumwaga. Lakini zile ampea 10 zimeandikwa kwa mzigo mlaini kama pasi. Draiva ya taa ya LED, yaani kifaa kinachoilisha LED umeme unaoifaa, ina kapasita mlangoni mwake, na kapasita tupu inapopewa umeme hunywa kwa pupa. Kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, taa moja inaweza kuvuta makumi ya ampea. Taa sita zikiwashwa kwa pamoja, mshtuko huo unatua wote kwenye ncha mbili ndogo za rilei, na cheche inaziyeyusha kidogo. Kila jioni kidogo. Inafika siku zinashikana kabisa.

Baada ya hapo programu inasema taa zimezimwa, unasikia mlio, na nje kunawaka mchana kutwa. Ukipigapiga swichi kwa mpini wa bisibisi wakati mwingine zinaachia, na watu hudhani imepona. Haijapona. Ukiifungua rilei ya namna hiyo, kipande cha plastiki cha juu kikitoka, unaziona ncha: ile nukta ya fedha iliyotakiwa kung'aa imekuwa nyeusi, ina shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, kama imechomelewa. Hakuna programu ya kuirekebisha hiyo.

Usinunue swichi nyingine ya aina ileile na kuifunga vilevile. Weka kontakta. Ni rilei kubwa inayokaa kwenye boksi la breka, ya ampea 20 au 25, yenye koili (waya wa sumaku yake) ya volti 230. Swichi janja inaiwasha koili, kontakta inabeba taa. Kontakta nayo ina tabia yake: koili inapozimwa hurusha mshtuko wa umeme unaoweza kuichanganya swichi janja hadi ijiwashe upya au ipoteze mtandao. Funga kizima-cheche sambamba na koili, kile chenye kapasita na rezista ndani yake, kilichotengenezwa kwa umeme wa nyumbani. Kama hutaki kontakta, gawanya taa kwenye moduli mbili au tatu na uzipishanishe kuwaka kwa sekunde chache.

Upande wa pili wa dalili hii ni mlio kusikika na taa kutowaka kabisa. Zima breka, toa waya wa moto na waya wa swichi kwenye teminali za swichi janja, ziunge pamoja kwa konekta, washa breka. Taa zikiwaka, mguso wa rilei umekufa. Zisipowaka, swichi haina hatia, panda ngazi ukakague taa na maungio ya njiani. Usiziache nyaya zimeungwa hivyo baada ya jaribio.

Zinawaka na kuzima zenyewe

Swali la kwanza ni: zote au moja? Swali la pili: swichi inalia ta kila zinapozima, au iko kimya?

Taa moja inayowaka dakika kadhaa, ikazima, ikapoa, ikawaka tena, na swichi iko kimya, ni draiva ya taa hiyo inayochemka. Badilisha draiva kama inatoka, la sivyo badilisha taa. Taa nyingi za bei nafuu siku hizi hazina draiva ya pembeni. Vipuri vyote vimebandikwa kwenye sahani moja na LED, na zikianza hivi hazina maisha marefu.

Taa zote zikizima pamoja huku swichi inalia, angalia kwanza kama kuna mtu ameweka hali ya kujizima baada ya muda. Programu nyingi zina kipengele hicho, cha kufungulia mageti na kuendeshea pampu, na kidole kikikigusa kwa bahati mbaya taa zitakuwa zinazima sekunde au dakika chache baada ya kuwaka. Kisha pima volti saa za jioni, kati ya saa 1 na saa 4 usiku, mtaa mzima unapopika na kupiga pasi. Umeme ukishuka sana, swichi dhaifu hujizima na kujiwasha upya.

Taa zenye sensa ya mwendo zina mambo yake. Sensa hizo hazioni umbo la mtu. Zinagundua tofauti ya joto kati ya mwili unaopita na mazingira yaliyo nyuma yake. Usiku wa Januari au Februari Dar es Salaam, ukuta ukiwa bado na joto la mchana, tofauti hiyo ni ndogo, na sensa iliyokuwa inamwona mtu mita kumi sasa inamwona akiwa karibu kabisa. Hiyo siyo hitilafu ya swichi. Kumbuka pia kwamba sensa nyingi huhitaji nusu dakika hadi dakika nzima kutulia baada ya kupewa umeme, na baadhi, ukizima na kuwasha haraka, huingia kwenye hali ya kuwaka moja kwa moja. Kwa hiyo taa yenye sensa yake ni bora ipewe umeme wa kudumu usiku kucha, na swichi janja iwe ya kuiamsha jioni na kuilaza asubuhi.

Sensa ya mwanga nayo, ikifungwa mahali inapomulikwa na taa inayoiongoza, itawasha taa, itaona mwanga, itadhani kumekucha, itazima, na mchezo utaanza upya. Igeuze iangalie anga, upande wa mashariki au kusini ambako taa haifiki.

Umeme umekatika, umerudi, taa zimebaki giza

Ingia kwenye mipangilio ya kifaa, tafuta sehemu inayoamua rilei ikae vipi umeme unaporudi. Chaguo huwa ni tatu: izime, iwake, au ikumbuke hali iliyokuwa nayo. Baadhi ya swichi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa zizime. Kwa taa ya ulinzi hilo halifai kabisa, kwa sababu umeme ukikatika saa 8 usiku na kurudi saa 9, ratiba ya kuwasha ilishapita na taa hazitawaka mpaka kesho jioni. Weka ikumbuke, au iwake. Taa kuwaka mchana kwa saa chache ni gharama ndogo ya LUKU.

Ratiba zenyewe zinaweza kupotea njia. Swichi nyingi hazina betri ya kutunza saa, umeme ukikatika zinaisahau mpaka ziipate tena kwenye intaneti. Ruta inachukua dakika kadhaa kuamka, na kama bando limeisha haipati chochote. Swichi ipo, ratiba ipo, lakini haijui ni saa ngapi. Ruta yako kama inatumia volti 12, kibetri cha akiba cha volti hizohizo kinatatua nusu ya tatizo hili. Soma kibandiko cha chaja yake kabla ya kununua.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalishuku. Balbu janja nyingi, na baadhi ya moduli, huingia kwenye hali ya usajili ukizizima na kuziwasha haraka mara tatu hadi sita. Umeme unapocheza kabla ya kukatika unafanya hivyohivyo. Ukikuta asubuhi taa zinamulika kwa haraka na programu haizioni, zimejifuta kwenye mtandao. Kwa sababu hiyo sipendekezi balbu janja nje ya nyumba. Balbu za kawaida zikiongozwa na moduli moja iliyo ndani ni imara zaidi.

Programu inasema kifaa hakiko mtandaoni

Kama kitufe cha mkono kinafanya kazi, hapa ndipo pa kuangalia. Swichi hizi karibu zote zinatumia waifai ya gigahezi 2.4 tu. Ruta mpya hutangaza 2.4 na 5 kwa jina moja, na wakati wa kusajili simu inakuwa kwenye 5 na swichi haikubali. Tenganisha majina, au zima 5 kwa muda wa usajili. Ulinzi wa nywila uweke WPA2, kwani vifaa vingi vya zamani havielewi WPA3.

Umebadilisha ruta na swichi zote zimepotea? Ipe ruta mpya jina na nywila zilezile za ruta ya zamani, herufi kwa herufi. Swichi zitarudi zenyewe.

Kwa iliyo mbali, tazama nguvu ya mawimbi ndani ya programu kama inaonyesha. Hasi 60 ni nzuri, hasi 80 ni ya kubahatisha. Ukuta wa tofali za saruji wenye nondo hula mawimbi, na boksi la breka la chuma huyala zaidi, kwa hiyo moduli ikae kwenye boksi la plastiki kando yake. Ruta za kadi ya simu pia zina kikomo cha vifaa vinavyoungwa kwa wakati mmoja. Sikukuu wageni wakijaa na simu zao, swichi ya geti ndiyo hutupwa nje.

Ratiba inawasha saa zisizo zake

Taa zinawaka saa 6 mchana? Aliyepanga aliandika 12:00 akimaanisha saa 12 jioni, na programu ikaelewa adhuhuri. Saa 12 jioni kwenye simu ni 18:00, saa 1 usiku ni 19:00, saa 12 asubuhi ni 06:00. Weka simu kwenye mtindo wa saa 24 kabla ya kupanga. Kama zinawaka saa kadhaa mbele au nyuma, angalia ukanda wa saa wa akaunti na wa kifaa. Afrika Mashariki ni UTC+3. Ndugu aliye Ulaya akikusajilia swichi kwa akaunti yake, ratiba inaweza kufuata saa za kwake.

Bora zaidi tumia machweo na mawio badala ya saa maalumu. Dar es Salaam jua huzama karibu saa 12 na robo mwezi Mei, na karibu saa 1 kasorobo mwezi Februari. Weka eneo sahihi kwenye programu, taa ziwake dakika 10 baada ya machweo. Kisha futa ratiba za zamani. Ratiba mbili zinazogombana, moja kwenye kifaa na nyingine kwenye orodha ya matukio ya programu au kwenye simu ya mwenzio, hutoa tabia ambayo utaiita mzimu.

Mvua ikinyesha, breka inaruka

Hii haihusiani na swichi janja, ni maji. Toa waya wa taa za nje kwenye moduli, washa breka. Ikitulia, rudisha taa moja moja mpaka ikamatwe. Anza na maungio yaliyofungwa kwa tepu nje ya ukuta, kisha taa zenye matundu ya waya yanayoangalia juu. Waya uingie kwenye taa kutoka chini, ukiwa umepinda kidogo ili matone yadondoke kabla ya kufika kwenye tundu. Pwani, fungua pia teminali zisizo na dalili: chumvi huzigeuza kijani taratibu, na mijusi hupenda joto la maboksi hayo. Fundi akija na mega (kipimo cha uzima wa ganda la waya) ya volti 500, atoe kwanza moduli na taa kwenye waya kabla ya kupima, la sivyo ataziunguza. Waya mzima usome angalau megaomu 1, na ulio mpya husoma mbali zaidi.

Mpangilio ninaoufunga

Kwa nyumba inayotegemea taa kwa usalama, nafunga sensa ya mwanga na swichi janja sambamba, zote zikiwasha koili ya kontakta moja. Yeyote kati ya hizo akiamua kuwasha, taa zinawaka. Sensa haihitaji bando wala saa. Swichi janja inakupa uwezo wa kuwasha ukiwa mbali, au mchana kukiwa na wingu zito. Kando naweka swichi moja ya mkono ya kuzima mzunguko wote kwa ajili ya matengenezo. Sensa na swichi lazima zipate moto kutoka breka moja. Kwenye nyumba ya fezi tatu, kuziunga kutoka fezi mbili tofauti ni kugonganisha volti 400 siku zitakapowaka pamoja.

Ukimaliza, usimlipe fundi kabla ya jaribio hili, na lifanyike giza likiwa limeingia. Chomoa ruta ukutani. Zima breka kuu, subiri dakika tano, iwashe. Taa za nje ziwake zenyewe, zote, bila mtu kugusa simu.